Mshitaki wa Ndugu

Baba yangu alikuwa shetani wa mahakama ya Masasi.
Jina hilo lilitoka sokoni Mkuti,
likatufikia nyumbani kabla yeye hajavua buti.

Sajini Kolumba Nantende, mwendesha mashtaka:
mkoba uliopauka pembe, kalamu mbili, moja haina wino,
na sauti kavu kama majani yanayofagiwa chini ya mikorosho
kabla korosho hazijaanza kudondoka.
"Mheshimiwa, Jamhuri ina mashahidi wanne."

Mwaka ule magunia kumi na saba
yalitoweka ghalani kwa chama cha msingi,
na aliyepanda kizimbani, shati limeganda jasho na vumbi la lokapu,
alikuwa baba mdogo Silvani,
aliyenifundisha baiskeli kwa kuniachia bila kuniambia.
Baba aliomba abadilishwe. Hakukuwa na mwingine.
Basi akafunga kifungo cha shingo, akasoma shitaka lote,
mpaka jina la babu yao.

Miaka miwili.
Bibi alitema mate kizingitini,
na tangu siku hiyo hakupokea hata chumvi
mkononi mwa mwanawe.

Nilikwenda Ndanda, swali nimelifunga
kama hela kwenye pindo la kanga.
Padre Akwilini, Kiebrania chake cha kuokoteza, kikohozi chake cha kweli,
alifungua kitabu kwa nyuma,
kidole kikatembea kutoka kulia, upande upande, kama kaa.
"Hapa, kwa yule tajiri aliyekalia majivu, hili si jina.
Ni cheo. Mbele yake kuna kijineno, kama tusemavyo 'yule':
yule mshitaki.
Anaingia barazani kwa mlango wa wenzake,
anaulizwa atokako kama askari wa zamu,
na hagusi hata kondoo bila kibali."

Na nyoka wa bustanini?
"Pale ni nyoka tu. Waliomvika jina walikuja baadaye."
Na nyota ya asubuhi iliyoanguka?
"Mfalme wa Babeli. Nabii alikuwa anamcheka."
Akafunua tena. "Na huyu wa njiani, mwenye upanga,
ambaye punda alimwona, mwenye punda asimwone,
ni malaika wa Bwana.
Neno ni lilelile: shetani, anayekuzuia usipite."

Kisha akanionyesha mfalme aliyehesabu watu wake.
Mwandishi wa kwanza anasema Mungu alimchochea kwa hasira.
Wa pili, miaka mingi baadaye, anasema Shetani,
na kile kijineno hakipo tena.
"Unaona? Watu wakiogopa kumlaumu mkubwa,
humtafuta karani wake."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alichukua kitabu kingine, cha Kigiriki, akaenda mwisho kabisa,
ambako joka na nyoka na mshitaki wamekuwa mmoja,
naye anatupwa chini,
yule aliyewashitaki ndugu mchana na usiku.

Ndugu.
Padre alikohoa kwa muda. Nilimpa maji.
Hatukurudi kwenye ukurasa ule.

Kila mkesha wa Pasaka, mshumaa mkononi, naulizwa kama namkataa.
Namkataa, najibu, na fahari zake zote,
na mbele ya macho yangu unapita mkoba uliopauka pembe.

Silvani alirudi mwezi wa minada.
Hakupitia kwa Bibi. Alikuja moja kwa moja barazani kwetu,
akakaa mkabala na kaka yake,
akabangua korosho tatu za kuchoma, asile hata moja.
"Kaka," akasema, "ulithibitisha kumi na saba.
Yalikuwa kumi na tisa."

Mama akaacha kuchochea moto.
Baba alimtazama, akamtazama,
halafu akaanza kupapasa mkoba
akitafuta kalamu. Ile yenye wino.