Vigae vya Ilesi

Siku ile nilifukua jivu nikakuta msiba.
Vyungu kumi na viwili vya hoteli ya Kisumu,
kumi na kimoja vimepasuka matumbo,
na kilichosalia kimeinamisha shingo
kama mtu aliyetajwa kanisani.

Arubuni nilikuwa nimeshaila.
Ilikuwa imegeuka karo ya Lihanda, imegeuka sukari,
imegeuka kiatu kimoja na nusu;
nusu ya pili fundi anaidai hadi leo.

Ng'ambo ya barabara Ayuma akaacha kupeta mtama.
"Pepo," akasema.
"Mvua," akasema mumewe.
"Udongo umekukataa," akasema mwenye pikipiki
aliyekuja kuvibeba, akaondoka na kamba zake mkononi.
Nikazijaribu sababu zote tatu kama kofia.
Kila moja ilinitosha. Hakuna iliyonifunza kitu.

Usiku nikatoka na tochi ya simu,
nikachuchumaa jivuni, nikashika kigae kimoja kimoja
nikakisoma ukingoni, pale kilipoachana na mwenzake.
Kati ya ngozi mbili nyekundu kulikuwa na weusi,
mstari mnene kama wa kalamu ya mwalimu:
hapa uliharakisha.
Na hapa, kitako kinene, shingo nyembamba:
hapa ulijionyesha.
Na hapa punje ya changarawe, ndogo kuliko kunde:
hapa uliona, ukasema haidhuru.

Neno hilo ndilo lililoniuma.
Haidhuru.

Asubuhi sikuvitupa.
Nikavitwanga kwa kinu cha mama, yeye akilalama,
pwi, pwi, hata majirani wakadhani tuna harusi.
Nikachekecha ule unga mwekundu,
nikaukanda na udongo mbichi wa bondeni.
Maana udongo mtupu, laini, usiowahi kuungua,
ukiguswa na moto hushtuka.
Ule wenye vigae ndani yake
una wa kuunong'oneza: tulia,
mimi nimepita hapa.

Mara ya pili vilipasuka vinne.
Mara ya tatu viwili, na kosa lilikuwa jipya;
nikalikaribisha kama mgeni mwenye habari.

Leo mwenye pikipiki anafunga vyungu tisa
kwa majani makavu ya migomba.
Hoteli ilishanunua sufuria zake.
Hivi vinakwenda Luanda, kwa mama mmoja muuza uji.
Nakigonga kimoja kwa kidole, kinaitika.

Ayuma naye amevuka barabara, karai kiunoni,
limejaa vipande vya mtungi wake.
"Umenivunjikia jana," anasema, haniangalii.
"Hivi unavinunua kwa bei gani?"