Deni la Dawa

Mimi sigusi ngozi ya mtu.
Anayegusa ni muuguzi Wanetta, chumba cha pili,
anayebana nyama ya tumbo kwa vidole viwili
na kuisukuma dawa taratibu, nzito kama asali wakati wa baridi,
ikae chini ya ngozi mwezi mzima ikiyeyuka kidogo kidogo.
Mimi nagusa vitufe.
Chumba changu kilikuwa stoo ya mifagio;
dirisha lake linatazama reli ya makaa ya mawe
na mlima uliokwisha kukatwa kichwa.

Sindano moja, mistari miwili:
mstari wa dawa, mstari wa mkono ulioichoma.
Ukisahau wa pili, mkono umefanya kazi ya bure.
Ukiandika mia palipotakiwa moja,
mashine iliyoko Ohio inakurudishia dai
kabla kahawa haijapoa.

Na dawa yenyewe tumeshainunua.
Imo kwenye jokofu lenye kufuli mbili;
sindano sita ni bei ya gari langu.
Dawa ya deni ni kulipa, wanasema.
Sawa. Na deni la dawa,
dawa yake nini?

Droo ya chini ninalo faili la Corbin Lusk.
Tuliomba idhini Jumatatu ya kwanza ya Februari.
Wakataka vipimo vya mkojo. Tukatuma.
Wakataka ushahidi kwamba vidonge vya chini ya ulimi vilimshinda.
Tukatuma.
Wakasema ukurasa wa tatu hausomeki.
Siku ya kumi na tisa faksi ikakohoa NDIYO,
karatasi ikiwa bado ina joto,
na mama yake alikwisha kupiga simu asubuhi ile
kufuta miadi.
Idhini ilikuwa halali kwa siku mia na themanini.

Leo ni zamu ya Orville Stiltner,
aliyekuwa akikaza paa la mgodi mpaka paa likamkaza yeye.
Sindano ya kumi na tano.
Ameniletea chupa ya maharage aliyoyafunga mwenyewe,
kasimama mlangoni, kofia mkononi:
"Bi Imogene, bado wanalipa?"
Wanalipa, namwambia.
Uongo wa aina hiyo hauna msimbo.

Daktari Pruitt ameandika neno jipya kwenye jalada lake:
nafuu.
Kwa neno hilo namba ya ugonjwa hubadilika mkiani.
F, kumi na moja, nukta, mbili, sifuri:
sifuri inatoka, moja inaingia.
Miaka tisa katika kiti hiki
na moja ile sijapata kuiandika kwa haraka.
Naibonyeza kama mtu atiaye sahihi cheti cha ndoa.

Dai limerudi Alhamisi.
Limekataliwa.
Sababu: kama mgonjwa ana nafuu, dawa ya nini?

Dakika hamsini na moja kwenye simu,
kinanda kilekile kikijirudia,
kisha kijana mwenye adabu akanisomea sababu ileile.
Nikamwuliza: mvua inanyesha, una mwavuli,
ukijiona hujalowa
utaufunga?
Akanyamaza. Akasema hilo halimo kwenye skrini yake.

Ningeweza kuirudisha sifuri.
Kitufe kiko palepale, pesa zingeingia Ijumaa,
Orville asingejua
kwamba kwenye karatasi nimemrudisha shimoni.

Naandika rufaa.
Naambatanisha jalada, vipimo, tarehe zote kumi na tano.
Ukurasa wa tatu nauinua kwenye mwanga, mara mbili.
Moja imebaki moja.
Treni inapita, dirisha linatetemeka,
chupa ya maharage inasogea juu ya meza,
inasogea tena, kuelekea ukingoni.
Naishika.