Mita ya Kwa Machupa

Miaka thelathini na mitano nimesoma mita za Mtwara,
namba nyeusi, kisha nyekundu, penseli sikioni.
Mtaa ule ramani iliuandika Kitalu D.
Sisi tuliuita Kwa Machupa,
kwa ajili ya nipa, na kwa ajili ya vigae
vilivyopasua visigino vya watoto alfajiri wakienda kisimani.

Usiku hukupita pale bila kukohoa.
Ukikohoa, Mchopa alijua ni wewe, akakuacha.
Usipokohoa alikuonyesha kisu,
kwa adabu kabisa,
shikamoo kwanza.

Mwaka tisini na moja nilimfungia Bi Asumini Nantepa bomba,
la kwanza mtaani. Pesa ya mabibo, alisema.
Fomu iliuliza kazi; nikajaza: mkulima.
Mita ikaanza sufuri nne.
Mtaa mzima ukanywa kwake.
Maiti wakaoshwa, wachanga wakaogeshwa,
Mchopa akanawa damu isiyo yake.
Kwa kusoma tu nilijua nyumba gani ina mgeni,
nani amezaa, nani yuko tanga.

Kisha gesi.
Sitaki kuisimulia gesi, kila mtu ana gesi yake.
Nasema niliyoyaona: watu wa buti safi
wakichungulia kwenye darubini ya miguu mitatu,
na chumba cha elfu kumi kikageuka cha laki.
Alama ya X ikaja, nyekundu, ukutani kwa Bi Asumini.
Akaizungushia chokaa, ikapendeza.
Wenzake waliuza wakanunua pikipiki.
Pikipiki zikaisha kabla ya hamu.
Buti nazo zikaondoka, kuta zikasimama bila paa,
popo wakapanga bure miaka minne,
mpaka wakaja wengine, wenye viatu vya kawaida
na mihuri.

Nisidanganye: taa zilipowaka nilishukuru.
Binti yangu alirudi kazini saa nne usiku, hakukohoa.
Mtaro ulifunikwa, kipindupindu kikasahau njia.
Ni mtaa mzuri.
Hilo ndilo linaloniuma:
ungeweza kuwa mzuri na sisi tukiwamo.

Siku hizi unaitwa Mandhari.
Majani mabichi yasiyoliwa na mbuzi,
mkahawa unaouza ming'oko juu ya kipande cha jiwe jeusi,
ming'oko hiihii tuliyochimba porini mwaka wa njaa,
kwa bei ya debe la mahindi.
Getini, ndani ya sare, Mchopa. Mvi. Filimbi.
"Unamtafuta nani?"
"Mita."
Akakohoa.
Nikakohoa.
Akafungua.

Nyuma ya bwawa la kuogelea, chini ya mfuniko, mita ileile.
Hakuna aliyeirudisha sufuri. 9806.
Bi Asumini aliiacha 4120 siku anapakia godoro.
Kumbe mwenye bwawa, mwezi hata mwezi,
amekuwa akihesabu kutoka mabegani mwa mama yule
na wala hajui.

Mwezi jana ofisi ikaleta mita za kulipia kabla.
Hazitaki msomaji. Zinaanza sufuri.
Nikaing'oa kuukuu, nikasahau kuirudisha stoo.
Nasema nilisahau.

Mbae bomba halijafika.
Maji huja kwa baiskeli, dumu mia tano, na mchanga wake.
Bi Asumini aliipokea kwa mikono miwili,
akafuta kioo kwa upindo wa kanga,
akakisogeza jichoni.
"Humu nimo?"
"Umo. Elfu nne mia moja na ishirini za mwanzo."
Akanyamaza, akiitikisa kidogo kama inayoweza kubaki na tone.
"Hawatanidai?"
"Hawatakudai."
Akainama, akaiweka kizingitini
izuie mlango usipigwe na upepo.