Laiti

Mwalimu Cirhuza aliandika ubaoni neno moja: night.
"Usiku," akasema. "Kesho nileteeni ndugu zake,
wale wanaofanana naye mkiani."

Kwetu Kadutu umeme ulikatika tangu juzi.
Nikaketi mlangoni na simu yenye asilimia tisa,
nikiwasaka ndugu wa usiku:
right, ndiyo kulia, ndiyo na haki;
fight, ugomvi;
white, rangi ya shati nisilokuwa nalo.
Katikati ya baadhi yao g na h wameketi kimya
kama watu waliokuja matangani
bila kumjua marehemu.

Mama alikuwa anachagua maharagwe gizani,
kwa vidole tu. Jiwe nje, punje ndani.
"Unatafuta nini humo?"
"Vina, mama. Maneno yanayoitikiana."
"Na usiku umeitikiwa na nani?"

Nikamtajia la mwisho, lile la mwanga: light.
Akacheka hadi ungo ukatikisika.
"Hilo ni la Kiingereza? Hilo tulikuwa nalo Uvira!
Laiti wangerudisha umeme.
Laiti baba yako angepiga simu kutoka Kamituga.
Laiti gunia la makala..."
Hakumaliza. Alikuwa amepata jiwe.

Simu ikazima.
Nikaandika kwa kupapasa, mistari ikapandana:
usiku na mwanga ni ndugu
kwa Kiingereza.
Kwetu bado hawajajuana.

Chini yake nikaongeza laiti.
Cirhuza atalikata kwa wino mwekundu,
najua,
lakini mkia wake ni ule ule.