Hisa Elfu Sita

Miaka thelathini na moja nilipanga barua posta ya Landskrona,
kwa hiyo bahasha naijua kabla sijaichana:
ya kodi ni nyembamba, ya msiba ina mwandiko uliotulia mno,
na ile ya kampuni, nyeupe, nzito,
ina adabu ya mtu anayekuja kukopa.

Kampuni yenyewe ina watu kumi na wanne
na ghorofa ya kupanga huko Lund, juu ya duka la baiskeli.
Wanatafuta dawa ya saratani ya kongosho.
Kongosho: mpaka Sixten wangu alipoumwa
sikujua hata limekaa upande gani wa tumbo.

Nilinunua hisa za kwanza wiki tuliyozika, fedha za karavani.
Dada yangu Ingegerd akasema hiyo ni pata potea,
heri ungezipeleka kwenye mbio za farasi,
farasi angalau unamwona akishindwa.
Nikamjibu haba na haba.
Akasema kibaba chenyewe kimetoboka.
Hakukosea. Kila majani yakipukutika, bahasha:
fedha zimekwisha, ongeza,
usipoongeza, fungu lako litazimuliwa kama supu ya wageni wengi.
Nikaongeza. Nikaongeza tena.
Mara ya tatu nilitia fedha za meno.

Kwenye mkutano wa mwaka tulikuwa wanahisa tisa
na maandazi ya mdalasini ya watu arobaini.
Mzee mmoja aliuliza lini wakubwa wa Uswisi watatununua.
Mwingine aliuliza hilo hilo, kwa sauti zaidi.
Mimi niliuliza panya wanalishwa nini.
Mkemia, binti aitwaye Tuva, kucha amezitafuna mpaka nyamani,
alicheka, kisha akanijibu kweli kweli, dakika kumi nzima,
nikajua hakuna aliyewahi kumwuliza.

Halafu jaribio. Wagonjwa thelathini na wanane,
Uppsala, Bergen, Tampere.
Majina ni siri. Wana namba, kama masanduku ya posta.
Kila jioni niliwaombea, mimi nisiyekwenda kanisani ila kwa mazishi:
namba tatu ale kidogo, namba ishirini alale,
namba thelathini na moja afike Krismasi.
Na kila jioni, kabla ya amina,
kidole kilikwenda chenyewe kwenye simu kutazama bei.
Sikuweza tena kuyatenganisha,
kama mpishi aliyemwaga chumvi ndani ya sukari.
Mtu akifika Krismasi, mimi napanda asilimia ngapi?
Swali hilo sikumpelekea Ingegerd.

Matokeo yalitoka Jumanne, saa moja na nusu asubuhi,
soko halijafunguliwa.
Sentensi ya kwanza ilisifu. Ya pili ilishukuru.
Ya tatu ilisema waliopewa dawa
hawakuishi zaidi ya wale wa tiba ya kawaida.
Saa tatu na dakika moja, hisa elfu sita
zilitosha kununua jozi ya buti, tena si za ngozi.

Ingegerd alipiga simu. Aliyelia ni yeye.

Ukurasa wa tisa, chini kabisa, pana maandishi madogo,
na maandishi madogo ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote.
Wagonjwa wawili, yasema, bado wanaendelea na dawa,
mwezi wa ishirini na sita.
Idadi haitoshi kutoa hitimisho.

Sixten alipata miezi minne.

Nilisema nitauza Ijumaa. Ijumaa imepita.
Jana imekuja bahasha, nyeupe,
nzito kidogo kuliko ya mwaka jana.
Nimeiweka chini ya bakuli la mayai, sijaichana.
Wawili.
Mmoja huenda ni wa Tampere.
Huenda sasa hivi yuko sokoni, amevaa kofia mbili,
anambishia muuza samaki
juu ya bei.