Bega Linaloshuka

Uwanja wetu umeinama. Mpira ukiachwa katikati
unateremka wenyewe hadi uani kwa Bi Morfudd,
naye huurudisha kimya, ameshaupangusa kwa aproni.
Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
mvua ya Wales huingia bila kupiga hodi
na sisi huingia nayo.

Kumi na wanane, siku wakija wote.
Gethin, daktari wa meno, anayeupokea mpira
kana kwamba umetoka jikoni sasa hivi.
Macsen, aliyejichagulia jina akiwa na miaka thelathini
na hulitamka taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.
Huw ana mke na watoto watatu;
tulipomuuliza mbona kwetu, akajibu,
"Kwenu ni karibu, na nyumbani kuna kelele."
Timu ya mashoga, tumeandika mlangoni,
na ya yeyote mwingine anayetaka kuvunjwa pua.

Mimi ni nguzo ya kulia. Miaka arobaini na sita,
goti moja langu, la pili la hospitali.
Nguzo hasifiwi. Kazi yake kusukuma gizani,
kichwa kimebanwa kati ya vichwa viwili vya wapinzani,
akivuta pumzi iliyokwisha kuvutwa.

Zamani nilisukuma hivi hivi, bonde la pili,
jezi nyeusi, miaka kumi na tisa.
Mikono yao mabegani mwangu dakika themanini,
kisha bafuni naugeukia ukuta,
nahesabu vigae. Mia mbili na kumi na kimoja.
Dewi Pugh ndiye aliyelisema lile neno.
Hakuwa na hasira. Alitania tu, sabuni mkononi,
kila mtu akacheka, nami nikacheka
kuliko wote.

Jumanne iliyofuata sikwenda.
Miaka ishirini na saba ya Jumanne.

Jumamosi iliyopita ratiba ikatuletea jezi nyeusi.
Refa akasema inameni. Tukainama.
Akasema shikaneni. Nikashika nguo ya mtu,
na sikio langu likakutana na sikio
lililojikunja kama kipande cha tangawizi.
Nikalijua kabla ya kuuona uso.
Akasema sukumeni.

Ndani ya skramu hakuna mbingu. Kuna mvuke,
matope, harufu ya dawa ya kuchulia misuli,
na nyuma yangu Macsen, bega lake chini ya kiuno changu,
na nyuma ya Macsen Huw, mume wa mtu, anaguna.
Sijawahi kusukumwa hivyo
na watu wanaonijua.

"Bega lako," Dewi akahema, "bado linashuka."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, iliyochoka.
Nami nilikuwa na maneno ya miaka ishirini na saba,
nimeyanoa, mengine hata yana vina.
Nikasema, "Najua."
Nikaliinua.

Tulifungwa sitini na mbili kwa tano.
Hizo tano ni za Gethin: mpira ulimgonga kifuani,
akaukumbatia kwa hofu,
akakimbia kama anayeukimbia huo huo aliobeba,
akateleza, akaangukia ng'ambo ya mstari.
Bi Morfudd akapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko
mpaka refa akamtazama.
Mchezo huu una sheria ya ajabu:
humpi mpira aliye mbele yako. Unayetaka kwenda
umpe wa nyuma. Gethin hakumpa mtu.
Amekuwa akituomba radhi wiki nzima.

Baadaye Dewi alisimama mlangoni pa bafu letu,
matope mpaka kwenye nyusi, hajui macho ayaweke wapi.
La kwao, maji yalikuwa baridi.
Akauliza kama tuna sabuni.

Ilikuwapo. Nikamrushia.
Ikamponyoka, ikasota sakafuni hadi ukutani.
Wote wakacheka, naye akacheka.
Mimi nilisubiri kidogo,
nione kama nacheka.