Chungu

Mwaka wa kwanza Mihang'o, udongo ulinikataa.
Mweusi, wa kunata, masika ulikuvua gambuti,
kiangazi ulipasuka hadi rula ya Mutanu ikatumbukia ufani,
tukaivua kwa waya wa kutundikia nguo.
Chini yake: vipande vya mawe ya Ndarugo, karatasi za simiti,
soksi moja ya fundi aliyejenga.

Nilikuwa mtu wa mashine. Miaka kumi na tisa
nikifunga vifuniko vya chupa Eneo la Viwanda.
Sikujua kitu kinachoanza bila swichi.

Syombua ana kuku mia mbili wa mayai, ukuta kwa ukuta nami.
Nilimwomba samadi. Akanionyesha koleo,
akanionyesha mlango, akaniachia harufu.
Harufu ile haipiti puani, inabisha hodi machoni.
Nilijaza magunia matatu, mbichi,
nikaizungushia miche ya sukuma
kama anayemfunika mtoto blanketi.
Siku ya nne majani yalikuwa na kingo za kahawia,
mfano wa barua iliyookolewa motoni.
Siku ya saba hapakuwa na barua.

Syombua alichungulia juu ya ukuta, akacheka mpaka kuku wakanyamaza.
"Umewanywesha wachanga chai ya kuchemka!
Mavi ya kuku si ya ng'ombe, Baba Mutanu. Haya yana hasira.
Yalaze. Yachanganye na kitu kikavu. Halafu subiri."
Hadi lini?
"Hadi yasahau kwamba yalikuwa mavi."

Kitu kikavu kilikuwa kwa Oduki, fundi wa majeneza kando ya lami.
Maranda bure, beba mwenyewe.
Nilipofungua gunia nyumbani, harufu ya saiprasi ilinisimamisha.
Ndiyo iliyojaa chumbani
usiku ule tulipokesha na Kioko, mdogo wangu,
kabla ya kumpeleka Mwingi.
Sikumwambia mtu. Nilimwaga.
Safu ya maranda, safu ya samadi, maganda ya ndizi,
magunzi ya mahindi, maji kidogo tu,
juu nikafunika bango kuukuu la duka la vitanda:
LALA VIZURI, kwa herufi nyekundu.

Siku ya tano nilichomeka nondo katikati,
nikahesabu hadi mia, nikaichomoa. Haikushikika.
Alfajiri hizo za Julai, baridi ikitafuna vidole,
chungu ilikuwa ikifuka mvuke yenyewe,
hakuna kuni, hakuna stima.
Nikasimama kando yake nikiota,
na sijui ni joto nililoota au ni nini.

Chungu. Darasa la sita mwalimu alitupa neno hilo,
tulitungie sentensi tatu zenye maana tofauti.
Nilipata mbili.

Kila Jumamosi nilipindua kwa uma.
Bi Kemunto wa ghorofani alifunga madirisha, akamwandikia chifu.
Chifu alikuja na kalamu, akanusa, akazunguka mara mbili,
akauliza kama nauza.

Mwezi wa nne nilichota konzi.
Nyeusi, nyepesi, imepoa. Ilinukia mvua ya kwanza.
Nilitafuta saiprasi ndani yake, nikaikosa.
Nikanusa tena.

Msimu huu sukuma nimewaachia wengine. Nimepanda managu.
Kioko alikuwa akiyala kwa mikono miwili,
akitukejeli sisi tuliotafuta sukari.
Udongo sasa unaingilika kwa kidole,
ingawa upande wa bomba bado ni ukaidi mtupu,
na ile soksi nimeiacha palepale.

Jana nimeyatokosa chunguni, kwa maziwa, polepole.
Syombua aliingia bila kubisha, akaonja kwa mwiko.
"Ni machungu haya," akasema.
Nikamwambia ndivyo yalivyo.
Akavuta kiti, akapakua.